Sumu ya ghalani ipimwe kwa mtoto mchanga

Kila mwaka mavuno yanapokwisha na baridi ya Juni na Julai kupungua juu ya nyanda za Ufipa, kazi moja hufanyika katika nyua nyingi, kuanzia Laela mpaka Namanyere na kuanzia Matai mpaka vitongoji vya Sumbawanga mjini. Mahindi yaliyokauka hupukuchuliwa, humwagwa juu ya turubai, hunyunyiziwa unga laini kutoka katika pakiti, kisha hugeuzwa kwa koleo mpaka unga huo uenee. Baba hushika koleo. Mama hujaza magunia, na mara nyingi ana mtoto mgongoni. Watoto wakubwa kidogo hushikilia midomo ya magunia. Kuku huzunguka wakidonoa punje zilizoruka. Jua likizama, magunia huingizwa ndani, na katika nyumba nyingi za wakulima chumba cha magunia na chumba cha kulala ni kimoja.

Unga huo huitwa dawa. Kiswahili kimelitoa neno hilo kwa kidonge cha malaria, kwa mizizi ya mganga na kwa sumu ya wadudu, na si kosa la mkulima kulitumia. Lakini jina hujenga tabia. Mtu haiogopi dawa, huiogopa sumu. Dawa huwekwa karibu na kitanda, huazimwa kwa jirani, hupimwa kwa kizibo cha soda, na ikibaki hutunzwa mpaka mwakani. Wataalamu walilileta neno kiuatilifu ili kuondoa utata huo, nalo limepata nafasi yake katika sheria, katika vibandiko na katika hotuba. Uani bado halijafika.

Suala ambalo linapaswa kuwashughulisha watumishi wa umma na walimu wa Rukwa si kama unga huo utumike au usitumike. Bila kinga ya aina fulani mahindi huliwa na wadudu, na mkulima ambaye mahindi yake yameliwa na wadudu hahitaji kuhutubiwa juu ya usafi wa mazingira. Suala ni jingine, na ni zito zaidi: usalama wa sumu hiyo unapimwa kwa mwili wa nani? Sayansi imekwisha kutoa jibu ambalo halijaingia katika mafunzo ya wakulima, nalo ni kwamba miili haikupewa kinga sawa.

DENI LA USHAURI

Haifai kuizungumzia sumu ya ghalani kana kwamba mkulima aliitafuta mwenyewe kwa ujinga. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, miaka miwili baada ya Azimio la Iringa la Siasa ni Kilimo, na haukuchukua muda mrefu kuhesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya nafaka. Taifa liliomba mahindi, na Ufipa ikatoa mahindi. Mkulima aliyerithi kwa wazee wake kilimo cha ulezi na maharage katika matuta ya duara yaliyofukiwa majani, alipokea mbegu mpya na mbolea ya chumvichumvi, akapanua shamba, akajaza ghala.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mgeni mbaya alijulikana nchini. Mdudu mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kati, ambaye wataalamu humwita Prostephanus truncatus, alitambuliwa katika maghala ya mkoa wa Tabora. Wananchi walimpa jina la Scania, kwa mfano wa malori makubwa yaliyokuwa yakipita barabarani. Jina lililoenea zaidi ni dumuzi. Fukusi walikuwa wamezoeleka, lakini dumuzi hakuwa na mfano. Alitoboa punje, alitoboa gunzi, alitoboa hata mbao za ghala, na mahali alipoingia kwa nguvu aliweza kula hata theluthi moja ya uzito wa mahindi katika miezi michache.

Watafiti walipochunguza waliona jambo la ajabu. Pirimifosi-methili, iliyowaua fukusi vizuri, haikumtosha dumuzi. Na permethrini, iliyomweza dumuzi, haikuwatosha fukusi. Wakazichanganya: asilimia 1.6 ya ile ya kwanza na asilimia 0.3 ya ile ya pili, zilizobaki zikawa ni unga wa kubebea tu. Mchanganyiko huo uliuzwa kwa jina la Actellic Super. Mabwana shamba wakaagizwa kumwambia mkulima aache kuhifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi. Apukuchue, achanganye na unga, ndipo ahifadhi.

Ushauri huo ulikuwa sahihi, na umeokoa chakula kingi. Lakini anayemwagiza mwenzake kuingiza sumu ndani ya nyumba hubaki na deni la kurudi na kutazama sumu hiyo inafanya nini ndani ya nyumba hiyo. Sehemu ya kwanza ya kazi, yaani kuua wadudu, ilifanywa kwa bidii kubwa. Sehemu ya pili, yaani kumwangalia mtu, ilifanywa kwa uvivu.

SUMU NA WALINZI

Ili deni hilo lieleweke, ni lazima kwanza ieleweke kazi ya sumu yenyewe. Neva inapoutaka msuli ufanye kazi, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyo ikishafikisha ujumbe, kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huifagia mara moja ili msuli upumzike na kungoja ujumbe mwingine. Sumu za ukoo wa oganofosfati, na pirimifosi-methili ni mmojawapo, hukikalia kimeng'enya hicho na kukifunga kisifanye kazi. Hapo ujumbe hulundikana. Mate na machozi hutiririka, jasho humtoka mtu, mboni za macho husinyaa, tumbo hukata, misuli hutetemeka, na sumu ikizidi pumzi hukatika. Mdudu hufa kwa njia hiyo hiyo. Neva za dumuzi na neva za binadamu zinatumia kemikali moja.

Kinachomfanya binadamu abaki hai pale mdudu anapokufa ni wingi wa mwili wake na walinzi waliomo ndani yake. Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza, W. N. Aldridge, aliyatenganisha makundi mawili ya vimeng'enya vya damu vinavyokutana na sumu hizi. Kundi alilolipa jina la A huikata sumu vipande na kubaki zima, kama mlinzi anayemkamata mwizi, akamtoa nje, kisha akarudi lindoni. Kundi la B hushikwa na sumu na kukwama nayo. Kila kimeng'enya hujitoa mhanga kwa chembe moja ya sumu. Kolinesterasi, ambayo uhai wa mtu unaitegemea, imo katika kundi hilo la pili. Ini nalo lina vimeng'enya vyake, na hapa pana kinyume kinachofaa kukumbukwa: baadhi ya vimeng'enya vya ini, katika kuivunja sumu, huanza kwa kuondoa salfa na kuweka oksijeni mahali pake, na umbo linalotokea ni kali kuliko lile lililomezwa. Umbo hilo kali ndilo ambalo walinzi wa kundi la A hulingoja katika damu.

Mwaka 1980 watafiti watatu wa Uingereza, Brealey, Walker na Baldwin, walitoa utafiti uliohusu pirimifosi-methili yenyewe, yaani sumu ile ile iliyokuja kujaza maghala ya Tanzania. Walitaka kujua kwa nini ndege hufa kwa kiasi kidogo sana cha sumu hiyo, hali wanyama wanaonyonyesha wanaistahimili. Walipima walinzi wa kundi la A katika damu, na jibu likaonekana: wanyama wanaonyonyesha wanao kwa wingi, ndege wana wachache mno. Kwa kila kilo ya uzito, kuku huuawa na kiasi kidogo mara nyingi kuliko kile kinachohitajika kumwua panya. Kwa hiyo mama wa Ufipa anayeona kuku wake ameanguka baada ya kudonoa unga uliomwagika, wakati yeye mwenyewe hajasikia hata kizunguzungu, hana sababu ya kumtafuta mchawi. Kuku hakuwa na mlinzi.

MTOTO NI NDEGE WA NYUMBA

Laiti tofauti ingekuwa kati ya ndege na mtu tu, jambo lingekuwa jepesi. Lakini tofauti imo ndani ya binadamu wenyewe. Mlinzi mkubwa wa kundi la A kwa binadamu ni kimeng'enya kiitwacho paraoksonasi, ambacho hutengenezwa katika ini na kuzunguka katika damu. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliozaliwa bila kimeng'enya hicho walidhurika vibaya kwa kiasi cha sumu ya klorpirifosi ambacho wenzao walikistahimili. Tafiti zilizofuata ziliongeza somo la pili: mlinzi huyo hazuii kila sumu ya ukoo huo kwa nguvu moja. Kwa baadhi ya sumu ni ngome. Kwa nyingine ni kama hayupo.

Somo la tatu ndilo linaloihusu Ufipa moja kwa moja. Mwaka 2006 Clement Furlong na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima akina mama na watoto wao wachanga katika bonde la Salinas, California, ambako familia nyingi huishi kwa kazi za mashambani. Kwa wastani, mtoto mchanga alikuwa na paraoksonasi pungufu mara 4 kuliko mama yake. Tena, watoto wenyewe hawakulingana, kwa kuwa watu hurithi aina tofauti za kimeng'enya hicho. Kinga hiyo huongezeka mtoto anavyokua, lakini huchukua miaka, si majuma.

Basi na utazamwe upya ule ua wa Ufipa. Katika ua huo mmoja, juu ya turubai moja, wako viumbe wanne. Yupo mwanamume mwenye mwili mkubwa na walinzi wengi. Yupo mtoto mgongoni mwa mama, mwenye mwili mdogo na walinzi wachache, anayepumua vumbi lile lile. Yupo kuku, asiye na walinzi wa kutosha hata kidogo. Na yupo mdudu.

Mdudu naye ana habari yake. Huko Rothamsted, Uingereza, Alan Devonshire na wenzake waliwachunguza vidukari waliokuwa hawafi tena kwa sumu. Waligundua kwamba vidukari hao walibeba nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuidaka na kuivunja sumu, hata kimeng'enya hicho kikawa sehemu inayoonekana wazi ya protini yote ya miili yao. Hawakujifunza, walichaguliwa. Kila sumu inapotumiwa kwa kipimo pungufu, au ikiwa imepitwa na wakati, au mwaka baada ya mwaka bila kubadilishwa, wadudu wenye walinzi wachache hufa na wenye walinzi wengi huzaa. Mkulima akiona hawafi, huongeza kipimo.

Hapo ndipo penye dhuluma ya jambo hili. Matumizi mabaya ya sumu humwongezea kinga mdudu kizazi baada ya kizazi, lakini mtoto wa mkulima huzaliwa na kinga ile ile ndogo aliyozaliwa nayo babu yake. Kila pakiti inayoongezwa hupunguza hasara ya adui na kuongeza hatari ya mnyonge. Na huyo mnyonge hakuchagua. Hakuisoma pakiti, hakuinunua, wala hakushika koleo.

Ni kweli kwamba pirimifosi-methili haimo miongoni mwa sumu kali zaidi za ukoo wake, na mkulima anayefuata kipimo, akachanganya mahali penye hewa akiwa amefunika pua na mdomo, na kuwaondoa watoto na kuku uani, hana sababu ya kutishika. Lakini pakiti hiyo haiko peke yake tena. Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini, walionekana kwanza mkoani Rukwa mwaka 2017, na tangu hapo sumu za maji zenye profenofosi na klorpirifosi zimekuwa vitu vya kawaida katika mashamba ya mahindi. Mwili hauhesabu sumu kwa majina ya biashara. Walinzi waliokwama na sumu ya shambani mwezi wa Januari ni walinzi wale wale wanaotakiwa na sumu nyingine inayofuata kabla mwili haujatengeneza wapya.

Tena kuna vidonge vya fosfidi ya alumini, ambavyo hutoa gesi vikikutana na unyevu wa hewa. Gesi hiyo haina habari na kolinesterasi. Huzuia seli za mwili zisitumie oksijeni, na haina dawa mahususi ya kuitibu. Kwa gesi hiyo hakuna mlinzi, si kwa mtoto wala kwa baba. Ni kazi ya mtaalamu katika ghala lililofungwa ambalo halikaliwi na mtu. Kuitia katika magunia ya chumba cha kulala ni kulaza familia pamoja na mauti.

DAMU HUSEMA KWELI

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya namna hii haipimiki mpaka mtu aanguke. Si kweli. Kolinesterasi hupimwa kwa tone la damu. Kwa kuwa watu hutofautiana kwa maumbile, kipimo kimoja peke yake hakitoshi. Mtu hupimwa kwanza kabla ya msimu, kisha wakati wa msimu, na tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo inayosema. Jimbo la California limewalazimisha waajiri kuwapima wafanyakazi wanaoshika sumu hizi tangu mwaka 1974. Kolinesterasi ikishuka kupita kiwango kilichowekwa, mfanyakazi huondolewa katika kazi ya sumu mpaka damu yake irudi katika hali yake.

Afrika Mashariki nayo haikukosa wataalamu wa kazi hiyo. Nchini Kenya, Grace Ohayo-Mitoko na wenzake walitoa mwaka 1997 matokeo ya kuwapima zaidi ya watu 600 katika sehemu za Naivasha, Wundanyi, Homa Bay na Migori. Kwa wale walioshika sumu, kolinesterasi ilikuwa imeshuka kwa wastani wa theluthi moja. Nchini Tanzania, Dakta A. V. Ngowi na wenzake walitoa mwaka 2001 matokeo ya kuwapima wakulima wadogo wa kahawa, wakati wa kunyunyiza na wakati usio wa kunyunyiza, na hawakuona tofauti kubwa, kwa kuwa sumu iliyotumika ilikuwa kidogo na si ya aina kali zaidi. Mwaka 2014 Elikana Lekei na wenzake walitoa utafiti wa wakulima wadogo wa Arumeru, ambako zaidi ya 9 katika kila 10 walisema wamewahi kudhurika na viuatilifu maishani mwao, na wengi wao walivihifadhi ndani ya nyumba.

Matokeo hayo hayagombani. Yanafundisha kwamba penye sumu kidogo mwili hushinda, na penye sumu nyingi mwili hushindwa, na kwamba hakuna awezaye kujua ni wapi mwili umeanza kushindwa bila kupima. Hofu haipimi. Mazoea hayapimi. Wala afya ya mzee mmoja aliyenyunyiza miaka thelathini bila kuugua haipimi chochote, isipokuwa bahati na walinzi wa mzee huyo.

Lakini tafiti hizo zote zilifanywa kwenye kahawa, kwenye maua, kwenye pamba, kwenye tumbaku na kwenye mboga, mbali na Ufipa. Maua na kahawa vina mnunuzi wa ng'ambo ambaye huuliza maswali kabla ya kulipa. Mahindi ya Ufipa huliwa na Watanzania na majirani zao, na mlaji huyo huuliza bei tu. Haifai kabisa kwamba damu ya mkulima ipimwe pale tu mgeni anapouliza.

KAZI YA OFISI, ZAHANATI NA DARASA

Nchi haina upungufu wa sheria wala wa taasisi. Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu ya Ngaramtoni, Arusha, iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1979, na Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ikaunda mamlaka moja ya afya ya mimea na viuatilifu. Kati ya Ngaramtoni na Namanyere, hata hivyo, kuna safari ndefu, na sheria haisafiri peke yake. Husafirishwa na mtumishi.

Bwana shamba anayemfundisha mkulima kipimo cha unga kwa gunia amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwambia mama mwenye mtoto asikaribie turubai mpaka vumbi litulie, kumwambia baba avue nguo za kazi na kunawa kabla hajampakata mtoto, na kumwambia mfanyabiashara kwamba sumu iliyomiminwa katika chupa ya soda ni mtego kwa mtoto wa mtu. Ofisa anayetoa leseni ya duka na kuufumbia macho uuzaji wa kiuatilifu kilichofunguliwa na kupimwa kwa vijiko, asijidanganye kwamba amemhurumia mlalahoi. Amemwondolea mlalahoi kibandiko, ambacho ndicho mwalimu pekee aliyesafiri pamoja na sumu kutoka kiwandani.

Tabibu wa zahanati naye ana sehemu yake. Dalili za kwanza za sumu hizi, yaani jasho, kichefuchefu, kichwa kuuma na uchovu, hufanana na malaria, na mgonjwa anayepewa dawa ya malaria hurudi nyumbani kwenye magunia yale yale. Swali moja lingetosha kufungua njia: jana na juzi ulikuwa unafanya kazi gani? Mboni zilizosinyaa na mate yanayotiririka ni ushahidi unaoonekana kwa macho. Atropini, ambayo huzuia lundo la asetilikolini lisimwue mtu, ni dawa ya siku nyingi. Kukosekana kwake katika wilaya inayolima mahindi kwa kutumia oganofosfati ni sawa na kukosekana kwa kamba mahali penye kisima kirefu.

Jina la Sumbawanga lenyewe huelezwa kuwa ni wito wa kuutupa uchawi. Wazee walioutoa wito huo hawakuwa wajinga. Pahali ambapo sababu ya ugonjwa haijulikani, jirani hushukiwa. Na pahali ambapo sababu imeelezwa na kupimwa, jirani husalimika. Mwalimu wa sayansi anayeeleza darasani kwa nini kuku alikufa na mwenye kuku akapona, anauitikia wito huo kwa njia ambayo hakuna mganga awezaye kushindana nayo. Naye mwalimu huyo asikubali wanafunzi wake wapewe bomba la kunyunyizia katika shamba la shule, hata kama kazi imerundikana na watu wazima hawapo.

Tanzania inajua namna ya kulieneza jambo la afya mpaka kijiji cha mwisho. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana, na vikundi hivyo havikuishia katika mazungumzo. Walichimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi ya mbu. Jambo la sumu ya ghalani linafaa kupewa utaratibu wa namna hiyo, kabla ya msimu wa kupukuchua na si baada ya msiba.

SOMO LA BONDENI

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maneno mazuri, lakini mkulima hana njia nyingine. Jibu lao liko bondeni, chini ya miteremko ya Ufipa. Bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu, wale ambao makundi yao yalisumbua sehemu kubwa ya Afrika tangu mwaka 1930 mpaka mwaka 1944. Shirika la kimataifa la kuwadhibiti liliundwa mwaka 1949, makao yake yakiwa Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wa Zambia. Kwa miaka mingi silaha ilikuwa sumu iliyomwagwa kwa ndege. Lakini mwaka 2009, nzige walipoongezeka katika nyika za Iku-Katavi, za ziwa Rukwa na katika bonde la Malagarasi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kunyunyiza kuvu wa aina ya Metarhizium, anayewaua nzige bila kugusa kolinesterasi ya mtu wala ya ndege. Nzige walidhibitiwa, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa kuvu huyo kutumika kwa eneo kubwa barani Afrika.

Lililowezekana kwa nzige bondeni haliwezi kuwa ndoto kwa dumuzi mlimani. Kukausha mahindi vizuri kabla ya kuhifadhi, kusafisha ghala kabla ya mavuno mapya, kuchoma mabaki yenye wadudu, na kutumia mifuko isiyopitisha hewa ambamo mdudu hufa kwa kukosa pumzi, ni njia zinazojulikana. Hazitaifuta pakiti ya unga kwa siku moja. Zitapunguza idadi ya pakiti, na kila pakiti inayopungua huwabakizia walinzi wa mtoto nguvu ya siku nyingine.

Ufipa imelilisha Taifa kwa nusu karne sasa, wala haijaomba shukrani. Inachostahili kupata ni haki ya kawaida: maabara inayoweza kupima kolinesterasi mkoani, atropini katika zahanati, kibandiko cha Kiswahili juu ya kila pakiti, na mtumishi ambaye, akifika uani kukagua magunia, haulizi kwanza wadudu wangapi wamekufa, bali anauliza mtoto amelala chumba gani.